Kalamu Nyekundu Chooni kwa Mama Mkwe

Tulipoachana wiki iliyopita, Nukta alikuwa ameketi sebuleni kwa mama mkwe mtarajiwa, simu ya mama huyo mkononi, rangi imemtoka usoni. Wapo walionisimamisha njiani kuniuliza kama alizimia. Hakuzimia, jamani. Angezimia ingekuwa nafuu yake.

Kwa anayetukuta leo, nitasema kwa kifupi, maana mambo yenyewe hayangoji. Nukta ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Husoma kila kitu kabla hakijapigwa chapa: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, hata maandishi ya kwenye maboksi ya sabuni. Jina la Nukta alipewa na wenzake hukohuko kazini. Akisahihisha vizuri, hakuna anayejua kama yupo. Likipita kosa moja, kiwanda kizima kinajua meza yake iko wapi.

Basi bwana huyu akajitafutia mahali pa kuonekana. Katika kundi la mtandaoni la mtaa wao, liitwalo Majirani Tusaidiane, alijiandikisha kwa jina la Kalamu Nyekundu. Mtu akitangaza paka wake kapotea, Kalamu Nyekundu hamtafuti paka, anatafuta herufi iliyorukwa. Mtu akiomba gari la kumkimbiza mgonjwa, Kalamu Nyekundu anamuuliza alisomea wapi. Watu wanacheka, wanamsifu, naye analala usingizi mnono.

Ndipo siku moja mtu anayejiita Uzi na Sindano akaandika ujumbe mrefu uliojaa makosa. Kalamu Nyekundu aliupitia mstari kwa mstari mbele ya watu wote, akamalizia hivi: "Cherehani hii irudishwe kwa fundi, inashona ovyo." Mtaa ulicheka mpaka jioni.

Na simu aliyoishika sasa, pale sebuleni, juu kabisa ilikuwa imeandikwa: Uzi na Sindano.

"Ndiye huyo, mwanangu," mama alisema. "Soma mwenyewe alivyonivua nguo mbele ya watu."

Mtaani wanamwita Mama Cherehani. Ni mjane, fundi wa nguo, na sebule yake ndiyo karakana yake: cherehani dirishani, vitambaa juu ya kiti, pini kwenye kifua cha gauni lake. Jumamosi wazee wa Nukta wanakuja kuchukua jibu la posa, na jibu lenyewe liko kwa mama huyu peke yake. Akisema ndiyo, Nukta anamwoa binti yake, muuguzi anayempenda kuliko kitu chochote duniani. Akisema hapana, hakuna wa kukata rufaa kwake.

Nukta aliinamisha kichwa kwenye simu. Ule ujumbe wa mama hakuusoma. Alisoma maoni yake mwenyewe chini yake na, Mungu amsamehe, aliona bado yanachekesha.

"Mama, mimi naona tumpuuze tu," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Nimempuuza mpaka nimechoka! Toka siku ile sijaandika neno humo. Mteja akiniuliza nguo yake iko tayari, nampelekea kidole gumba. Mtu mzima mimi, naogopa kuandika ndiyo!"

Hili lilimchoma Nukta. Hakuwahi kuwaza kwamba watu anaowakosoa huwa wanaendelea kuishi baada ya yeye kuweka simu mfukoni.

"Wewe ni mtu wa maandishi," mama aliendelea. "Niandikie jibu. Nataka limkae rohoni, ashindwe kula."

"Na mimi mniweke humo," alidakia Mjomba kutoka kwenye kochi. Huyu ni kaka wa mama, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hana shughuli nyingine tena zaidi ya kutoa ushauri. "Andika kwamba mjomba anamtafuta. Usiseme kwa nini. Tumwache afikirie."

Nukta aliandika taratibu, kama mtu anayejichimbia shimo na kuulizwa kila mara kama jembe linakata. Kisha akasoma kwa sauti: "Ndugu Kalamu Nyekundu, nimepokea maoni yako kwa masikitiko."

"Hiyo ni barua ya kuomba likizo," mama alisema. "Tia makali, baba."

Basi akatia makali. Udhaifu wa Kalamu Nyekundu aliujua kuliko mtu yeyote pale mtaani, na alipoanza kuuandika, kidole kilikimbia chenyewe.

"Kalamu Nyekundu," aliandika, "tangu uingie humu hujampa mtu pole, hujamwelekeza mtu njia, hata salamu hujawahi kutoa. Huna lako la kusema, ndiyo maana unashughulika na wanavyosema wenzako."

Mama alisoma, akasoma tena, akapiga kofi meza ya cherehani mpaka mkasi ukaruka. "Huyu ndiye mkwe!" alisema, na akautuma palepale.

Kundi lililipuka. Vicheko vilimiminika. Mmoja akaandika kwamba kalamu imeishiwa wino. Mwingine akasema Uzi na Sindano apewe uenyekiti wa mtaa. Mjomba alisomewa kila kimoja akacheka mpaka akakohoa.

Nukta alikuwa katika hali ambayo simwombei msomaji yeyote. Maandishi yake yalikuwa yakisifiwa kuliko siku zote, na aliyekuwa akizikwa kwa maandishi hayo ni yeye.

Halafu kukawa kimya. Mama aliiweka simu mapajani, akawa anaitazama.

"Mbona hajibu?"

"Si kawaida yake," Mjomba alisema. "Huyu bwana hujibu hata simu hujaishusha. Leo kapatwa na nini?"

Muuguzi aliingia na sinia la chai. Alikuwa zamu ya asubuhi, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. "Labda leo ana wageni," alisema.

"Au yeye ndiye mgeni mahali," Mjomba alisema, akajichukulia kikombe.

Chai ilimpalia Nukta kabla hajaimeza. Alikohoa, akafuta mdomo, akajua hana budi. Kalamu Nyekundu lazima ajibu, na ajibu sasa, la sivyo watu wataanza kuhesabu nani yuko wapi.

"Samahani, mama. Naomba... nielekezwe pa kujisaidia."

Mnajua uzito wa maneno hayo. Mwanamume anayeposa, ndani ya nyumba ya mkwe, kabla hata hajakubaliwa! Mama aliangalia pembeni kwa heshima. Muuguzi akamwonyesha mlango ulio nyuma kidogo ya cherehani, ubao mwembamba wenye kitasa kilicholegea.

Nukta alijifungia, akafungulia maji yapige kelele, akatoa simu yake. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka aandike tu, "Nimeshindwa, yaishe," mambo yapoe, Jumamosi ifike salama.

Bahati mbaya alianza kwa kusoma maoni ya watu. Jirani mmoja alikuwa ameandika: "Ujumbe huu ni moto. Kalamu Nyekundu hawezi kuandika hivi hata akifufuka."

Hawezi? Damu ilimpanda Nukta. Ule ujumbe ni wake! Kila neno lake! Na wivu wa mwandishi, ndugu zangu, haumsazi mtu hata akiwa chooni kwa mkwe. Badala ya "yaishe" akaandika: "Uzi na Sindano, leo umeandika vizuri mno. Hebu tuambie, nani kakuandikia?"

Akatuma. Na kabla hajafunga bomba alisikia sauti ya mama nje ya mlango, wazi kama yuko naye humo ndani.

"Ananiuliza nani kaniandikia! Kajuaje huyu?"

Alipotoka, alimkuta Mjomba amesimama na bilauri mkononi. "Maji, chumvi na sukari. Kunywa yote, mkwe."

"Mimi mzima, Mjomba."

"Mzima gani umekaa humo mpaka chai imepoa?"

Muuguzi alimshika mkono akampima mapigo. "Yanakwenda mbio," alisema, na uso wake wa nyumbani ukageuka uso wa wodini. "Tumbo linakata au linasokota?"

"Linasokota," Nukta alisema, maana hilo halikuwa uongo.

Alikunywa maji yale ya chumvi huku anamtazama mama. Mama hakuwa anapiga kelele tena, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa akisoma. Kundi lilikuwa limegeuka. Waliokuwa wakimshangilia sasa walikuwa wanauliza na wao: kweli, nani kamwandikia? Mmoja akasema fundi kashona kwa mkono wa kukodi. Vicheko vikarudi vilevile, na vilikuwa vinamcheka yeye.

"Nikuandikie jingine, mama?" Nukta aliuliza kwa woga.

"Hapana, mwanangu. Umenisaidia vizuri, asante. Ila hili sasa nitaliandika mwenyewe."

Alirudi kwenye cherehani yake. Palikuwa na gauni la mteja lililobaki pindo, na Mama Cherehani si mtu wa kuacha pindo likingoja. Pini mdomoni, mkono wa kulia umebana kitambaa, kidole gumba cha kushoto kikawa kinatafuta herufi moja moja kwenye simu. Anashona kidogo, anaandika kidogo. Ndivyo anavyoandika siku zote. Nukta alimtazama, na kwa mara ya kwanza aliona makosa yale yanatokea wapi.

Mjomba alianza kusinzia. Muuguzi alirudi jikoni kupika uji mlaini, wa mgonjwa.

"Njoo," mama alisema, akatoa pini mdomoni. "Soma. Usinigusie hata nukta. Niambie tu kama inaeleweka."

Nukta alipokea simu. Makosa yalikuwepo. Sitayaandika hapa, maana si hayo yaliyomuumiza. Maneno ya mama yalikuwa haya:

"Siku ile niliandika kwamba binti yangu amepata mchumba. Nilisema ni kijana mpole, binti yangu akiongea anamsikiliza mpaka mwisho, na baba yake angekuwa hai angempenda. Niliandika mwenyewe kwa sababu furaha ilikuwa yangu. Nilitaka majirani mfurahi na mimi. Mlicheka. Hakuna hata mmoja aliyesema hongera. Mimi najua sijui kuandika. Lakini wewe Kalamu Nyekundu, uliyesoma herufi zangu zote, ulisoma nilichosema?"

Kijana mpole. Ni yeye. Ule ujumbe alioupasua mstari kwa mstari, akauchekea, akautolea mfano mpaka kazini, ulikuwa ujumbe wa kumsifu yeye. Alikuwa ameupitia wote, na hakuusoma.

Macho yalimjaa maji. Akajifanya anapiga chafya.

"Inaeleweka?" mama aliuliza.

"Inaeleweka, mama."

"Nisibadilishe kitu?"

"Usibadilishe kitu."

Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kumwambia mtu hivyo. Alimrudishia mama simu kwa mikono miwili. Wakati huohuo mlango ulibishwa, mwenye gauni kaja kulifuata, na mama akainuka na gauni mkononi kwenda kumpokea barazani.

Nukta hakungoja. Alikuwa na jambo la kufanya, na safari hii hakutaka kushinda. Alielekea kwenye ule mlango mwembamba.

"Nenda, mkwe, usijizuie," Mjomba alisema bila kufumbua macho.

Humo ndani, Kalamu Nyekundu aliandika ujumbe wake wa kwanza wa kweli tangu aingie katika kundi lile.

"Uzi na Sindano, umeuliza kama nilisoma ulichosema. Sikusoma. Nilitazama herufi nikaacha furaha yako ipite. Umesema hakuna aliyekupa hongera, na ni kweli, na kosa ni langu. Basi hongera, mama. Hongera kwa binti yako. Huyo kijana unayemsifu ana bahati kubwa kupata mama kama wewe, na namwombea astahili. Nisamehe."

Hakurudia kusoma. Alituma, na kifua kikawa chepesi. Alinawa uso. Alijitazama kwenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni, akamwona mtu anayeweza kumtazama mkwe wake machoni.

Kisha akafungua tena kundi, auone ule ujumbe wa mama mahali pake, juu ya jibu lake.

Haukuwepo.

Alipandisha juu. Aliona yale ya nani kamwandikia, vicheko, mtu anauza kitanda. Akashusha chini. Akapandisha tena. Chini ya jibu lake watu walikuwa wameanza kuuliza. "Kauliza wapi?" aliandika mmoja. "Kalamu Nyekundu, unamjibu nani?" aliandika mwingine. "Jamani, mtani wetu anaumwa?"

Kiwandani kwao, akishasema ukurasa hauna tatizo, ukurasa unakwenda mtamboni muda huohuo. Miaka yote amezoea hivyo: alichokwisha kukipitisha kimeshatoka. Haikumjia hata kidogo kwamba mama aliondoka na gauni kabla hajabonyeza kutuma. Amejibu maneno ambayo dunia nzima haijayaona, isipokuwa mwandishi wake na msahihishaji mmoja.

Afute! Alibonyeza, vidole vyenye maji vikateleza. Alifuta simu kwenye suruali, akabonyeza tena. Ujumbe ukatoweka. Papo hapo jirani mmoja mwenye haraka akauweka upya: alikuwa ameupiga picha, akaandika chini yake kwamba siku kama hii haifai kupotea.

Nje, mlango wa barazani ulifungwa. Kandambili za mama zilirudi sebuleni. Kiti cha cherehani kikalia. Nukta alisimama wima asipumue, akingoja mashine ianze kuvuma.

Haikuvuma.

Kandambili zikasikika tena, polepole, zikaja mpaka mlangoni zikasimama.

"Mwanangu." Sauti ilikuwa ya chini, karibu kabisa na kitasa.

"Naam, mama."

"Tumbo vipi?"

"Linaendelea, mama."

"Pole. Kalamu Nyekundu kaniomba msamaha."

"Ni... ni jambo jema, mama."

"Jema sana. Kaniandikia maneno mazuri, nimelia peke yangu hapo kwenye kiti. Kanijibu kila kitu nilichomuuliza. Ila mimi sijamuuliza bado. Maneno yangu yako hapa, kwenye simu yangu, sijayatuma. Nimemwonyesha mtu mmoja tu."

Bomba lilikuwa linadondoka. Nukta alilikaza.

"Jumamosi wazee wako wanakuja hapa," mama alisema, na sauti yake sasa ilitetemeka, ama kwa hasira ama kwa kitu kingine ambacho Nukta hakuweza kukijua akiwa nyuma ya ubao. "Wakija nitawajibu nini? Humo ndani naona mko wawili. Mmoja nilishamkubali moyoni. Mwingine niliapa mbele ya kaka yangu kwamba hatakanyaga kwangu. Sasa anatoka nani?"

"Mama, mimi..."

"Mama!" Ilikuwa sauti ya muuguzi, na viatu vyake vyeupe vinakuja haraka kutoka jikoni. "Kazidiwa? Mbona umesimama hapo? Unaongea na nani?"

Mama hakumjibu binti yake. Nukta alisikia kandambili zikisogea hatua moja pembeni, na zile hatua nyepesi anazozijua zikija kusimama mahali pake. Kitasa kilichezacheza. Muuguzi alikuwa amekishika upande wa pili.

"Fungua," muuguzi alisema kwa upole. "Ni mimi."

Nukta alifungua. Muuguzi alikuwa na bakuli la uji mkono mmoja, na nyuma ya bega lake mama alikuwa ameinua simu, ule ujumbe wa msamaha unang'aa.

"Haya," mama alisema. "Mwambie mchumba wako jina lako."